Njiani Siku Hazihesabiwi

Ubaruku, Jumapili 2 Januari 1977

Mvua tangu alfajiri. Nimeitia saa ufunguo, nimefuta kioo chake kwa ncha ya shati, kisha nimeitia ufunguo tena ingawa haikuhitaji. Mtu aliyekuwa taimkipa, mwandika saa za kazi, kwenye reli ya Wachina, Makambako hadi Mbeya, akiketi bila kazi mwili mzima unamwasha.

Naandika ili mkono upate cha kufanya. Msimu huu kijiji kimenipa kazi ya kugawa maji. Mfereji ni mmoja, lango ni moja, wakulima ni wengi, na mwaka jana walipigana kwa majembe. Mwenyekiti Yotamu akasema atafutwe mtu asiye na shamba wala ndugu hapa, tena mwenye saa. Ndiyo mimi, Saulo Kalinga, Mhehe wa Ilula, Mlutheri. Mke sina, aliyekuwepo alichoka kungoja reli iishe. Shamba sina. Saa ninayo. Kila mkulima anapata saa tatu za maji. Zamu ikianza nagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa langoni, zikitimia nagonga tena na maji yanakuwa ya mwingine. Atakayeendelea kumwagilia baada ya mlio anapoteza zamu inayofuata.

Nitakaa hadi mavuno. Kisha Iringa, kwa kaka yangu Yohane, aliyenitafutia nafasi kwenye mashine ya kukoboa. Mbu wa hapa siwapendi, na tope la hapa ndilo silipendi zaidi.

Jumatatu 3 Januari

Mvua.

Jumamosi 8 Januari

Leo kura za zamu. Wa kwanza ametoka Yotamu mwenyewe, ambaye shamba lake linagusa lango. Wa pili Severina, ambaye shamba lake liko mkiani kabisa mwa mfereji. Wa tatu Bujiku, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na mpunga kidogo, jirani yake Severina kule mkiani. Wengine wakafuata.

Severina alipiga kigelegele. "Wa pili! Leo watakatifu wameamka mapema."

Ni Mhehe mwenzangu, Mkatoliki wa Tosamaganga, mjane, anauza chai na vitumbua barazani kwake karibu na njia ya malori. Habari zake kila mtu anazijua hapa. Shemeji zake wamempa msimu huu mmoja. Mpunga ukizaa, shamba la marehemu linabaki lake. Ukifa, wao wanalichukua, naye arudi kwa kaka zake. Anasema kurudi kwa kaka zake atarudi akiwa amefungwa kamba.

Jumapili 16 Januari

Mvua, na mfereji umejaa hadi kingo. Mvua ikinyesha mgawa maji ni pambo tu. Nikaenda kunywa chai.

Wateja hawakuwepo. Severina akatandaza mezani kitambaa cha mfuko wa unga, kimechorwa njia yenye miji: Mwanjelwa, Chunya, Igawa, Ubaruku, Makambako, Mafinga, Iringa. Pembeni kuna mstari wa vyumba vidogo vidogo, mwanzoni wingu, mwishoni jua. Zamani alikuwa mpishi wa Mjapani mmoja pale Iringa mjini, Bwana Morita, aliyekuja kufundisha watu kutengeneza pampu. Siku za mvua upweke ulimshika, akamchorea mchezo wa kwao wa dadu, akaweka miji ya kwetu.

"Chagua uwe nani," Severina akasema. "Mfugaji, mganga, mchimba dhahabu au mchuuzi wa mchele."

"Mimi ni taimkipa."

"Taimkipa hayumo. Mjapani mwenyewe hakumfikiria."

Nikawa mchuuzi. Unatupa dadu, unatembea, ukifika mji unafanya shughuli yake na kuongeza mzigo. Haragwe moja jekundu linakaa kwenye ule mstari wa pembeni, ndilo siku. Likifika kwenye jua, mvua imekwisha, na kama hujaingia Iringa na mzigo kamili, umechelewa.

Hapo nikakaa vizuri. Mchezo wenye muda naujua. Nikatupa dadu kwa nguvu, Chunya sikuingia, Igawa sikusimama, nikafika Makambako jasho likinitoka, na haragwe halijasogea hata chumba kimoja.

"Sogeza haragwe, mama."

"Umefanya kazi gani?"

"Nimetembea!"

"Njiani siku hazihesabiwi. Haragwe linasogea ukifika mahali ukaanza kazi."

"Mimi nimetoka Makambako na reli hadi Mbeya. Njia inakula siku kuliko kitu chochote."

"Yako ilikula. Hii haili."

Niliingia Iringa mikono mitupu, kwa hiyo sikushinda. Yeye alikuwa bado Chunya anachimba, anauliza habari za kila mtu aliyechorwa. Mchezo wa kitoto.

Jumamosi 22 Januari

Tumecheza tena, kwa sababu mvua imenifunga, si kwa kupenda. Safari hii haragwe limefika kwenye jua nikiwa Mafinga. Nikakunja mikono kungoja adhabu.

"Unarudi Mwanjelwa," akasema, "lakini mzigo wako unabaki nao. Na watu uliokutana nao bado wanakujua."

"Sasa adhabu iko wapi?"

"Kurudi Mwanjelwa na tope lile si adhabu?"

Nimemwambia mchezo usiomwadhibu anayechelewa unalea wavivu. Akanijazia chai, akaniambia haraka haraka haina baraka, nami nikamjibu ngoja ngoja yaumiza matumbo. Tukacheka. Nimerudi chumbani na hasira ambayo sijui imetoka wapi.

Jumapili 30 Januari

Hakuna mvua.

Jumapili 6 Februari

Jana watu wamecheza ngoma kwa ajili ya chama kipya. Wazee walicheza huku wanatazama juu. Wingu hakuna. Mfereji umeshuka, kazi yangu imeanza kweli, na nakiri nimefurahi. Asubuhi nalinganisha saa na milio ya redio, kisha naenda langoni.

Jumapili 13 Februari

Bujiku amevunja sheria. Nimegonga mwisho wa zamu yake, nikaona maji hayaendi kwa anayefuata, nikateremka mfereji mzima, nikamkuta ndiyo kwanza anafungua kingo.

"Taimukipa," akasema, "ng'ombe alizama topeni tangu mchana. Ningemwacha?"

"Zamu haijui ng'ombe."

Ni mtu mrefu, mpole, anaongea akiwa anatazama pembe za kitu kisichokuwepo. "Na wewe pia huwajui," akasema, akaziba.

Amepoteza zamu ijayo. Sheria ni sheria. Nimekula bila hamu.

Jumapili 20 Februari

Severina amenifuata langoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Kamwene, Kalinga," akanisalimu kwa Kihehe. "Zamu yangu ni fupi."

"Ni saa tatu kama ya mwenyekiti." Nikamwonyesha saa. Nikamweleza nilivyofungua saa sita mchana na nilivyogonga saa tisa. Nikamweleza hata milio ya redio.

"Saa naiona. Shambani maji siyaoni."

"Basi yanavuja. Tafuta matundu ya kaa."

Akaondoka bila kuaga. Jioni nilikwenda kunywa chai, akanipa chai. Kitambaa hakukileta, nami sikukiuliza.

Alhamisi 24 Februari

Jua.

Jumanne 1 Machi

Nimekwenda mkiani kutafuta yale matundu, ili nimwonyeshe. Nimetembea kingo zote. Kaziba kila tundu kwa udongo na majani, kazi safi kuliko ya Yotamu. Lakini ardhi imepasuka hata mguu unaweza kuingia, na majani ya mpunga yamejikunja. Mpunga unakaribia kubeba mimba, na mpunga wenye mimba ukikosa maji unatoa makapi. Hilo hata mimi wa reli nalijua.

Nikiwa pale shemeji zake wawili wakafika. Walisimama ukingoni, mikono nyuma, kama watu wanaochagua mbuzi mnadani. Mkubwa akapiga teke donge la udongo. Baadaye wakapita barazani, Severina akawapa chai na vitumbua, akawauliza habari za watoto mmoja mmoja kwa jina.

Kwa nini nakasirika? Shamba si langu. Mwezi wa sita nitakuwa Iringa.

Jumapili 6 Machi

Leo nimekiomba kitambaa mwenyewe. Akakitandaza. Nilipita Igawa, nikafika Ubaruku, haragwe limelala pale pale, na nikaanza tena ubishi wangu wa zamani.

Akanikatiza. "Kwenye reli, mtu mlianza kumwandikia saa zake akiwa wapi?"

"Akifika kazini, ameshika sururu."

"Si pale mlipompakia kwenye lori kambini?"

"Lori ni njia tu. Hajafanya kitu bado. Angekaa lorini nusu siku tukamwandikia kazi ya nini?"

"Haya," akasema, akatupa dadu. "Sita. Naingia Chunya."

Mimi sikuingia popote. Nilikaa na dadu mkononi, nikaona lango, nikaona mfereji wote mkavu kati ya lango na shamba lake, nikajiona mimi nimesimama langoni na saa mkononi, naihesabu njia. Yotamu akimaliza zamu, mfereji chini yake ni mkavu. Maji ya Severina yanaanza safari kutoka kwenye vumbi. Saa yangu inaanza nayo.

Sikumwambia. Nilisema kichwa kinauma, nikatoka. Sina uhakika bado. Zamu yake inayofuata ni Jumatano.

Jumatano 9 Machi

Nimetembea na maji.

Saa sita kamili nimefungua lango, nikagonga reli, kisha badala ya kukaa kivulini nikayafuata. Watu walinicheka. Maji yakitoka langoni yana kiburi, yanakwenda mbio, nikafikiri itabidi niyakimbize. Baada ya shamba la Yotamu yakapoa. Mbele yake yanasukuma povu, majani makavu na mende waliokuwa wamelala kwenye nyufa. Yanafika kwenye ufa, yanasimama, yananywewa yote, unafikiri yamekufa. Kisha ufa unashiba, nayo yananyanyua kichwa yanakwenda hatua chache, yanakuta ufa mwingine. Nilijikuta naongea nayo. "Twende, twende." Mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja.

Yalipogusa shamba la Severina ilikuwa saa saba na nusu imepita. Yeye alikuwa amesimama na jembe kwenye toleo lake, pale maji yanapoingilia shambani, miguu mitupu, tangu saa sita. Hakusema "nilikwambia." Aliinama akaongoza maji kwenye jaruba la kwanza, la pili, na kabla hajafika la tatu ilibidi nirudi mbio langoni kugonga saa tisa.

Niligonga. Mkono wangu huu. Na Bujiku, jirani yake, akapokea maji yale yale yaliyokwisha kufika, mfereji umelowa tayari, hakupoteza hata dakika.

Mwezi mzima nimekuwa nampa yule mama nusu zamu, nikamwambia atafute kaa. Nimeona aibu ya kuweka mikono usoni.

Jumamosi 12 Machi

Mkutano wa kijiji. Nilisimama nikaeleza: zamu ianze maji yakiingia shambani, si lango likifunguliwa. Nikaeleza nyufa, nikaeleza lori na sururu. Nadhani nilieleza vizuri.

Yotamu alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya, na hilo linaniudhi zaidi. "Ndugu Kalinga," akasema, "mwaka jana hapa mtu alipasuliwa kichwa. Tukakuleta wewe na saa, ugomvi ukaisha. Leo unatuambia saa ingoje maji? Kesho itangoja jembe linolewe, keshokutwa itangoja uji upoe." Watu wakacheka. "Wewe mwenyewe umetufundisha kwamba zamu haijui ng'ombe."

Wakamtazama Bujiku. Bujiku alikuwa anachora chini kwa fimbo, hakuinua uso. Maneno yalikuwa yangu.

Severina alinikuta njiani na hasira kamili. "Ungeniuliza kwanza. Sasa wanasema Mhehe anamtetea Mhehe, na wengine wanasema kubwa kuliko hilo."

"Ni kweli au si kweli kwamba maji yanatembea?"

"Ni kweli. Lakini wewe unaondoka mwezi wa sita. Mimi nabaki nao hawa."



Jumapili 13 Machi

Asukile, dereva Mnyakyusa wa lori la mchele, ameleta salamu za Yohane. Watu wa mashine wananingoja hadi Pasaka, baada ya hapo watamweka mwingine. Nimefunga sanduku. Nimelifungua kutafuta soksi. Nimelifunga.

Jumanne 15 Machi

Jua tu. Severina anaamka kabla ya mtu yeyote na kubeba ndoo hadi shambani. Ndoo, kwa jaruba zima.

Alhamisi 17 Machi

Leo nitaandika yote.

Zamu ya Severina. Mpunga wake umebeba mimba, mabua yamevimba, na kila mkulima aliyepita alisema ni leo au basi. Saa sita nikafungua lango, nikagonga. Reli tunaigonga kwa bolti kubwa inayoning'inia kwa waya. Nikaifungua ile waya, bolti nikaitia mfukoni, nikaondoka na maji.

Nyufa zilikuwa mbaya kuliko juma lile. Nikawa naziba kwa mikono na matope, mbele ya maji, nikiichafua suruali ya Jumapili ambayo sijui kwa nini niliivaa. Yalipoingia shambani kwake ilikuwa saa nane kasorobo. Ndipo nikamwonyesha saa.

"Sasa," nikamwambia. "Zamu yako imeanza sasa. Saa tatu."

"Kalinga, usinitanie."

"Bolti iko mfukoni."

Aliitazama suruali yangu inavyoning'inia upande mmoja. Hakucheka. Akaingia shambani na jembe, na sikumwona akinyoosha mgongo.

Saa tisa ikafika. Kijiji kizima kinaujua mlio wa saa tisa, na haukulia. Bujiku akatoka kwake na jembe begani, akasimama kwenye toleo lake, hatua chache tu kutoka nilipo. Mpunga wake nao ulikuwa unalia maji. Ni mwenye haki. Kwa sheria ningeweza kupigwa na nisingekuwa na pa kushtaki.

"Taimukipa. Saa yako imekufa?"

"Haijafa. Zamu ya mama imeanza saa nane kasorobo, maji yalipofika."

Akashusha jembe. "Ile siku ungemngoja ng'ombe wangu hivi."

"Sikumngoja."

"Najua hukumngoja. Nilikuwepo."

Nilitaka kusema samahani. Nikasema tu, "Nilikosea, Bujiku." Sauti ilitoka ndogo.

Akafikiri. Huwa anafikiri waziwazi, unaona mawazo yakipita usoni kwake moja moja kama ng'ombe wanaoingia zizini. "Na zamu yangu itaanza lini?"

"Maji yakiingia kwako."

"Na ya wale wa katikati?"

"Yakiingia kwao."

"Na ya Yotamu?"

"Yakiingia kwake. Kwake yanaingia hapo hapo lango likifunguka."

"Basi yeye hajapungukiwa kitu." Akacheka kidogo, akaketi chini ukingoni, jembe juu ya mapaja. "Mayu!" akamwita Severina kwa Kisukuma, yaani mama. "Usikimbie. Mwagilia vizuri, nimekaa."

Yotamu alifika akiwa anahema, ametembea kutoka langoni juani, na nyuma yake watu wengi waliokuja kuona damu. Akamwona Bujiku amekaa. Akaniona nimesimama. Akatazama majembe.

"Hakuna ugomvi?"

"Nangoja zamu yangu, mwenyekiti," akasema Bujiku.

"Kalinga, nipe bolti."

"Saa kumi na moja kasorobo nitakupa."

Nilidhani atanikamata shingo. Lakini kama angefunga maji wakati ule, ugomvi angeuanzisha yeye, mbele ya watu wote, katika mfereji ambao mwaka jana aliapa kuutuliza. Akabaki amesimama. Viatu vyake vilizama taratibu. Jaruba la tatu likajaa, la nne, na la mwisho kabisa, lile la pembeni ambalo tangu Januari halijaona maji ya mfereji, likaanza kung'aa.

Saa kumi na moja kasorobo nikampa bolti. Bujiku akasimama akafungua kwake.

Ijumaa 18 Machi

Nimeondolewa kazini. Yotamu alisema kwa upole, akanishukuru kwa niaba ya kijiji. Sikubishana. Nimelala mchana kutwa.

Ijumaa 25 Machi

Zamu imezunguka tena. Mgawa maji mpya ni mpwa wake Yotamu. Amegonga saa tisa. Severina alikuwa bado anamwagilia, na Bujiku akakaa chini. Mpwa akateremka kupiga kelele, akakuta na wakulima wengine wa chini nao wamekaa, wanakula miwa. Huwezi kumshtaki mtu kwa kukaa.

Jumapili 27 Machi

Yotamu ametangaza baada ya ibada kwamba ameamua, baada ya kufikiri kwa kina, zamu zihesabiwe maji yakiingia shambani. Watu wakapiga makofi. Nilipiga mpaka viganja vikaniuma, kwa furaha na kwa ubaya kidogo.

Alhamisi 31 Machi

Mvua! Usiku kucha na bado.

Jumapili 10 Aprili, Pasaka

Ibadani mimi kwetu, yeye kwao. Tumekutana njia panda wakati wa kurudi, mvua inanyesha, ana mwavuli mmoja wenye mbavu mbili zilizovunjika. "Ingia," akasema, "Mungu hatauliza ni wa nani." Tumetembea polepole sana. Nilikuwa na hamu njia iwe ndefu, jambo ambalo katika maisha yangu yote ya reli sijawahi kulitamani.

Asukile alipita. Yohane anasema wamekubali kuningoja hadi mwisho wa Mei.

Jumapili 15 Mei

Nimekuwa nikimsaidia kufukuza ndege. Kazi ya kupiga debe na kupiga kelele. Niko vizuri katika kelele. Mpunga umeinama wenyewe kwa uzito.

Lakini silali. Namwuliza mambo ya shamba, ananijibu. Namwambia naondoka mwisho wa mwezi, anasema "sawa." Ninamsubiri aseme kitu kingine. Naondoka barazani, narudi kwa kisingizio cha kusahau kofia. Kofia nimeivaa.

Jumanne 31 Mei

Yohane tena, kupitia Asukile: hadi lori la katikati ya Juni. "Kaka yako anachoka," Asukile akasema. "Na mimi nachoka kuleta salamu, hata ndaga, asante ya kwetu, sipewi."

Jumapili 5 Juni

Tumemaliza kupura. Shemeji wamekuja, wakalizunguka rundo la mpunga, wakaingiza mikono ndani, wakanusa. Severina akawapikia wali wa mpunga ule ule. Mkubwa alikula, akanawa, akatazama shamba kupitia mlangoni. "Shamba ni lako, shemeji," akasema. Walipokwenda, Severina alikaa kwenye kinu akalia kwa sauti kubwa, bila kujificha. Nilisimama tu. Nilitaka kumshika bega, mkono ukaenda, ukarudi.

Jumamosi 11 Juni

Asukile amefika asubuhi kupakia mchele. Anaondoka saa nane, na Yohane amesema safari hii ni mwisho, wa kweli. Sanduku nimelibeba hadi barazani kwa Severina, nikaliweka mlangoni.

Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. "Bado kuna muda," akasema. "Tumalize mchezo."

Tuliuacha tangu mwezi wa tatu, kila kete mahali pake. Nilikuwa Ubaruku. Nikatupa dadu, lakini sikukimbia. Nilirudi nyuma hadi Chunya nikachukua dhahabu. Nikamwuliza mganga wa Igawa habari zake. Makambako nilikaa. Severina alikuwa ananitazama badala ya kutazama kitambaa. Haragwe likiwa vyumba viwili kabla ya jua, nikaingia Iringa na mzigo kamili.

"Nimefika," nikasema. Haijawahi kutokea.

"Umefika." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Basi nenda. Lori lile pale."

Akalichukua lile haragwe la siku kutoka kwenye kitambaa, akaligeuza kidoleni, akalitupa sufuriani pamoja na mengine, akamimina maji, akaweka jikoni.

"Sasa mvua ijayo tutahesabia nini?" nikamwuliza.

"Unauliza mvua ijayo?"

"Nauliza."

Asukile akapiga honi. Akapiga tena. Severina alikuwa anapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tayari. "Haya maharage bado sana," akauambia moto.

Nikatoka hadi barabarani. Asukile akanyoosha mkono apokee sanduku, akaona sina.

"Nimwambie nini Yohane sasa?"

"Mwambie nimeshafika."

Alinitazama kana kwamba malaria imenipanda kichwani, akatia gia. Nilirudi ndani, nikavua saa nikaiweka dirishani, nikaketi kwenye kigoda upande wa pili wa jiko. Severina aliongeza kitunguu.

Tumekula, yeye sahani moja, mimi mbili. Lile haragwe lililiwa na nani kati yetu, hatujui.